Mchezaji Mpya wa Dada Verona

Tucson, Arizona
6 Februari 1962

Dada Verona mpenzi,

Keki ya mbegu za popi ilifika imesagika, tukaila kwa kijiko, tamu vilevile. Clyde hajambo. Hewa kavu ya huku inakipenda kifua chake, na mimi nimeshazoea kumpenda mume katika nchi isiyo na mti.

Sasa tuyaache hayo. Nimesoma gazetini kwamba Kunguru wetu, timu ya besiboli ya hapo Harlow, wamempeleka Dell Ransome kule Carver kwa mahasimu, wakapewa warushaji wawili ambao hata mama zao hawawajui. Ransome wako! Miaka kumi na moja! Pole sana, mwenzangu. Nakupa pole ya kweli, halafu naomba ruhusa nicheke kidogo, maana Stan Wojcik wangu bado yupo, na mkono wake wa kushoto bado unawazungusha watu.

Sheria ya Baba unaijua. Kila mtoto na mchezaji wake mmoja. Hakuna kuchangia, na hakuna kubadilisha mpaka mchezaji aondoke kwenye timu au afe. Akiondoka, unachagua mwingine na kuliandika jina kwa wino kabla Machi haijaisha. Usipochagua, nduguyo anakuchagulia. Zamani majina yalikaa kwenye bakuli la sukari, siku hizi bakuli letu ni posta. Kwa hiyo nasubiri jina.

Na kadi zangu usizisahau. Miaka tisa sasa niko huku, redio ya huku haiwajui Kunguru. Bila zile kadi za mchezo unazozijaza uwanjani kwa penseli na kunitumia, mimi sina timu. Nazitandaza mezani, nachora vituo vinne kwa chaki, cha mwisho ndicho nyumbani, kila mkimbiaji namwekea harage, namsogeza kama ulivyoandika. Clyde anasema nimerukwa na akili. Mwache aseme.

Mdogo wako,
Ilona


Harlow, Ohio
19 Februari 1962

Ilona,

Barua nimeipata. Theluji imefika dirishani na bomba la jikoni limeganda mara mbili.

Ransome ameondoka, basi. Watu huondoka. Mwingine sijamfikiria bado. Nimekuwa na kazi ya kupanga makabati, mtu mmoja anarundika vitu utadhani anaishi na jeshi. Koti jekundu nimempa Bi Fenske wa jirani, na ule mto wangu wa kukalia uwanjani pia nimempa, ana nyonga mbaya. Nimeanza kumfundisha kujaza kadi. Si mjinga. Juzi nimemweleza alama ya K: mpigaji akitolewa kwa kuukosa mpira, unaandika K ya kawaida. Akitolewa huku amesimama anatazama, hakulitikisa hata gongo, unaigeuza K mgongo. Akaniuliza ipi ni aibu zaidi. Nikamwambia hilo halihitaji kuulizwa.

Msalimie Clyde. Avae sweta.

Verona


Tucson
27 Februari 1962

Dada,

Ebo! Umempa mto wako? Mto ambao Mama aliushona? Na Bi Fenske ndiye atakayenijazia kadi? Yule aliyewahi kuuliza kwa nini wachezaji hawakimbii moja kwa moja kwenda nyumbani badala ya kuzunguka?

Mimi si mtoto. Najua unachofanya. Unataka kumfuata Ransome. Utakaa kule safu ya sita, nyuma ya kituo cha kwanza, mahali Baba alipokaa, na moyo wako utakuwa Carver. Ndiyo maana huchagui, na ndiyo maana unagawa vitu, kama mwanamke anayetoroka na bwana.

Miaka sitini na moja, Verona, ukaanza usaliti! Baba alifukuza mpangaji kwa sababu alipiga makofi siku Carver walipotufunga. Mpangaji mzuri, aliyekuwa anatuchotea makaa!

Niambie si kweli. Niandikie jina, jina lolote, nitulie.

Ilona


Harlow
13 Machi 1962

Ilona,

Si kweli. Picha ya Ransome nimeshaibandua ukutani, pamebaki alama ya mraba.

Jina bado. Usinikimbize.

V.


Tucson
2 Aprili 1962

Kwako Bibi Verona Hudak, msaliti mtarajiwa,

Machi imekwisha. Nilikwenda posta tarehe thelathini, nikaenda tena thelathini na moja ingawa ilikuwa imefungwa, nikachungulia dirishani. Hakuna kitu.

Basi kwa mamlaka niliyopewa na marehemu baba yetu, Andrej Hudak, nakuchagulia mchezaji. Nimepitia orodha yote ya Kunguru kwa makini na kwa roho mbaya. Nimeandika jina kwa wino, limo ndani ya bahasha hii. Naam, macho yako hayajakudanganya. Ni Gus Maddigan.

Mdakaji, miaka thelathini na tisa, magoti yake yanasikika mpaka kwenye viti vya nyuma. Mwaka jana alipiga vibaya kuliko warushaji. Mwenyewe ameshatangaza kwamba Septemba anastaafu akafuge nyuki. Huyo ndiye wako. Utampigia kelele kila akiinama, na kila akishindwa kuinuka.

Nimecheka mpaka Clyde amekuja kuniangalia. Haya, nitukane. Nimekaa mkao wa kupokea.

Ilona


Harlow
9 Aprili 1962

Ilona,

Nimempokea Maddigan. Atatosha. Kama anamaliza Septemba, inanifaa.

Kadi ya mchezo wa kwanza hii hapa. Tumefungwa sita kwa mbili.

Verona


Tucson
13 Aprili 1962

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikampa Clyde aisome kwa sauti, labda mimi naikosea.

Umekubali.

Mwanamke aliyebishana na padri kuhusu tarehe ya ubatizo wake mwenyewe amekubali kupewa Gus Maddigan. Bila tusi hata moja! Mwaka wa thelathini na nane nilikuchagulia yule mlinzi mwenye kengeza ukakaa wiki tatu huniongeleshi, na tulikuwa tunalala kitanda kimoja.

Halafu nikaitandaza kadi. Nilianza kusogeza maharage, mkimbiaji wa pili akanipotea njiani. Wewe hupotezi wakimbiaji. Nikaangalia vizuri mwandiko. Ule ni wa Bi Fenske kuanzia mwanzo mpaka mwisho, Verona. Hukwenda uwanjani. Siku ya kwanza ya msimu, na Harlow yote imefunga maduka, wewe hukwenda.

Hutaki kumfuata Ransome. Laiti ungekuwa unamfuata Ransome.

Unaumwa nini? Nijibu kwa kalamu yako, siku hiyohiyo utakayopata hii. Naogopa.

Ilona


Harlow
17 Aprili 1962

Mdogo wangu,

Haya. Umeshinda.

Januari, Jumamosi moja nikioga, niligusa kitu kwenye titi la kushoto. Kigumu, ukubwa wa hayo maharage yako. Nilijiambia kitaondoka. Hakikuondoka. Machi nilikwenda kwa daktari, naye akanikaripia kwa kuchelewa, nikamkaripia kwa baridi ya mikono yake. Tarehe ishirini na sita wananipasua.

Utaratibu wao ni huu. Wananilaza usingizi, wanatoa kipande, wanakipima palepale. Kikiwa kizuri wananishona. Kikiwa kibaya hawaniamshi kuniuliza, wanaliondoa titi lote moja kwa moja. Mimi nitajua nikiamka. Nitajipapasa, nitajua.

Ndiyo maana sikuchagua. Nilijaribu, Ilona. Februari nilikaa mezani na kalamu ya wino, nikamfikiria Harris Doyle wa kituo cha pili. Anakimbia vizuri, ana miaka ishirini na mitatu. Nikajiuliza, akikomaa, nitakuwepo nimwone? Kalamu ikakauka mkononi. Kila jina lilikuwa linaniuliza hivyohivyo. Mtu hamwandiki mchezaji kwa wino kama hajui kesho yake, hiyo si haki kwa mchezaji.

Uliponiletea Maddigan wako nilishusha pumzi. Nikasema, huyu mzee anamaliza Septemba, huyu tunaweza kulingana.

Bi Fenske anajua, ila nilimwapisha. Nilimfundisha kadi ili usikae bila timu, litakalokuwa na liwe. Mkimbiaji wa pili alinaswa kati ya vituo akatolewa, Bi Fenske akasahau kuandika. Nimeshamsema.

Usije. Clyde huwezi kumwacha na kifua kile, na hewa ya huku mwezi huu itamuua. Ukija nitakufukuza kwa fimbo ya pazia.

Dada yako,
Verona


Tucson
20 Aprili 1962

Dada Verona wangu,

Nimekuita msaliti. Nimekulinganisha na mwanamke anayetoroka. Nilicheka, Verona, siku ile naandika jina la yule mzee nilicheka mpaka machozi, na wewe ulikuwa umekaa na hilo jambo peke yako. Nisamehe. Hata usiponisamehe niambie.

Nilikuwa nimeshatoa sanduku juu ya kabati nije. Clyde mwenyewe alinisaidia kulishusha, akakohoa jioni nzima, nikalirudisha. Kwa hiyo siji, na najichukia. Nimemwandikia Bi Fenske akukalie kitandani, na akusomee hii ukishindwa kushika karatasi. Bi Fenske, kama unasoma, Mungu akubariki, na mkimbiaji akitolewa unaandika.

Sikiliza. Nimechora vituo mezani. Nimeweka harage moja kituo cha tatu. Ndiye wewe. Limebakiza hatua moja kufika nyumbani. Hakuna atakayekula kwenye meza ile mpaka nipate habari zako. Clyde anakula kwa kupakata sahani na hajalalamika.

Na usinambie tena habari ya kulingana na mtu anayestaafu. Ulivyomweleza Bi Fenske kuhusu ile K ya kugeuzwa, nakukumbusha wewe. Nenda ukatikise gongo.

Nakupenda. Nilipaswa kusema hivyo kwenye barua ya kwanza kabla ya habari za Wojcik.

Ilona


SIMU YA MAANDISHI
HARLOW OHIO, 27 APRILI 1962

LIPO. SI KANSA. NIKO MZIMA. MADDIGAN SIMTAKI. VERONA


Harlow
4 Mei 1962

Ilona,

Bado wamenifunga bandeji, naandika polepole, kwa hiyo usilalamike kuhusu mwandiko.

Niliamka mdomo mkavu kama nimekula chaki. Sikumbuki chumba. Nakumbuka mkono wangu wa kulia ulikuwa mzito, nikauvuta juu ya shuka, kidogo kidogo, naogopa kufika. Bandeji. Nikabonyeza. Bandeji ilikuwa na kitu chini yake. Nikabonyeza tena, ikaniuma sana, nikafurahi kuumwa. Muuguzi akasema, "Bibi Hudak, usijishike." Nikamwambia, "Mwanangu, nitajishika mpaka nichoke, ni langu."

Halafu nikalia. Sikuwa nimelia tangu Januari. Nililia kwa nguvu mpaka mama wa kitanda cha pili akalia pia, na yeye alikuwa anaumwa kidole cha mguu tu.

Ni uvimbe wa kawaida, daktari anasema, wa mafuta na nyuzinyuzi. Ameutupa. Nilitaka niuone niuseme, wakakataa.

Niko nyumbani. Jua limetoka. Nimeomba mto wangu kwa Bi Fenske, naye akanirudishia kabla sijamaliza sentensi, maskini, alikuwa hajaukalia hata mara moja. Koti nimemwachia, jekundu linampendeza.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Gus Maddigan! Wewe mwanamke huna hata haya? Jana nimemsikiliza redioni: mara nne amesimama na gongo, mara nne ametolewa, ya mwisho ni K ya mgongo! Mtangazaji alinyamaza kwa heshima, utadhani yuko msibani. Nilimpokea nikiwa mgonjwa, akili haikuwa yangu. Mkataba wa mgonjwa haushiki. Naomba uniachie nichague upya, na naomba haraka.

Verona


Tucson
9 Mei 1962

Dada yangu, jeuri wangu, mkorofi wangu,

Simu ilipofika nilikuwa naanika nguo. Mleta simu alisimama mlangoni na mimi sikuweza kuifungua, akaifungua Clyde. Akasoma "LIPO," akanitazama, akauliza, "Lipo nini?" Nikakaa chini palepale na shuka mbichi mapajani.

Harage nimelisukuma nyumbani. Kwa kidole kimoja, taratibu, kama unavyoandika mtu amefika bila haraka. Kisha nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Mungu ni mwema. Nimekwenda kanisani kumwambia, na nitakwenda tena Jumapili kumwambia, asije akadhani nilisema tu kwa mshtuko.

Kuhusu ombi lako: hapana. Nasema hapana kwa furaha isiyo na kipimo. Sheria ya Baba haina kifungu cha ugonjwa. Hakuna kubadilisha mpaka aondoke kwenye timu au afe, na Maddigan hajaondoka, na usithubutu kumtakia hilo la pili. Ulipewa kwa wino, ukajibu kwa wino, "nimempokea." Barua ninayo. Nimeificha mahali ambapo hata Clyde hapajui.

Utamshangilia Gus Maddigan mpaka Septemba, kila mchezo, kwa sauti. Nataka nimwone kwenye kadi, kwa mwandiko wako.

Tukana sasa. Nimetamani sana kutukanwa nawe.

Ilona


Harlow
1 Oktoba 1962

Ilona, shetani mdogo wee,

Kadi hii hapa, usiikunje zaidi. Ni ya jana, mchezo wa mwisho. Nimeijaza mwenyewe, kila mstari, na wakimbiaji wote wamo.

Nitakwambia jambo, na ukilirudia mbele ya watu nitakana. Yule mzee nilimzoea. Miezi mitano nimekaa safu ya sita juu ya mto wa Mama, namwangalia anavyochuchumaa nyuma ya mpigaji. Kila akitaka kuinuka anaweka kiganja chini kwanza, anasubiri kidogo, halafu anainuka. Mwezi wa Mei nilikuwa namzomea. Mwezi wa Juni nikaona na mimi nikiinuka kitini naweka kiganja hivyohivyo, kwa sababu ya mshono. Tangu hapo akiinuka napiga makofi. Watu wa safu ya tano wakauliza nampigia makofi ya nini, hajafanya kitu. Nikawaambia, ameinuka.

Jana walimwingiza mara ya mwisho kwenye zamu ya saba. Akaupiga mpira, haukwenda mbali, ukaangukia katikati ya watu wawili. Ilona, alikimbia. Kama unaweza kuita vile kukimbia. Alifika kituo cha kwanza, mbele yangu kabisa, akainama ameshika magoti. Nikasimama nikapiga kelele, "Gus! Nyuki wakusubiri!" Akageuka. Akaniinulia kofia. Mimi, Ilona! Bi Fenske ni shahidi, alikuwa kando yangu amevaa koti jekundu, analia, na karanga zimemwagika zote.

Kwa hiyo Maddigan ameondoka kwenye timu, kwa heshima, yu hai, na mimi niko huru kisheria. Najua nina mpaka mwisho wa Machi. Sihitaji.

Mwezi uliopita walimleta kijana anaitwa Lonnie Peake, acheze kulia mwa uwanja. Ana miaka kumi na tisa, mguu mmoja unaukwaza mwingine. Kwa siku ishirini ameangusha mipira sita. Juzi ameukimbilia mpira wa juu, ameufikia vizuri kabisa, ukampiga begani. Uwanja mzima ukacheka. Yeye akauokota, akaurusha mpaka nyumbani bila kugusa ardhi, mkimbiaji akatolewa. Hakuna mtu aliyecheka tena.

Kocha kasema gazetini kwamba itamchukua miaka mitano kuiva. Bi Fenske akaniambia, "Verona, miaka mitano! Chagua aliyeiva." Nikamwambia nitakuwa na sitini na sita, na mshono wangu umekauka, na sina haraka ya kwenda popote.

Jina lake liko nyuma ya kadi. Angalia vizuri, ni wino.

Dada yako,
Verona